Mjadala: Mwenye mfanyakazi mmoja alipe NSSF au aachwe?

Ndugu zangu, sheria ya Uganda ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni kwa wafanyakazi, ilirekebishwa Januari 2022, lakini hapa Busia mpakani bado nasikia wenye maduka wakisema, "Mimi nina watu watatu tu, hainihusu." Inawahusu. Zamani ilimbana mwajiri mwenye wafanyakazi watano na kuendelea. Marekebisho yakaondoa kikomo hicho. Mwenye msichana mmoja wa saluni au mlinzi mmoja wa getini anatakiwa kujiandikisha na kupeleka michango kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, adhabu inamngoja.

Swali ninaloleta ni hili: je, ni haki kumbana mfanyabiashara mdogo namna hiyo? Mimi nasema ni haki.

Tushike kalamu kwanza. Chukua mfanyakazi wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwajiri anatoa asilimia 10 juu ya mshahara, yaani 20,000. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5, yaani 10,000. Mkononi anapokea 190,000, na kwenye akiba yake zinaingia 30,000. Kodi ya mshahara haimgusi, kwani kiwango cha kuanzia kilichowekwa mwaka 2012 ni 235,000. Kwa hiyo mzigo wa mwenye duka ni 20,000. Natunza hesabu za maduka kadhaa na najua mwezi mbaya ulivyo: pango la chumba, leseni, umeme, mali imekwama mpakani. Sisemi 20,000 si kitu. Nasema ni sehemu ya gharama ya kumtumia mtu, sawa na mshahara wenyewe.

Linaloniuma zaidi ni ujanja. Wapo wanaomkata mfanyakazi asilimia zote 15, halafu wanampa 170,000 na kumwambia "serikali imechukua". Sheria inakataza kabisa kutoa mchango wa mwajiri kwenye mshahara wa mfanyakazi. Wengine wanakata ile asilimia 5 vizuri tu, lakini haifiki kwenye mfuko. Huo ni wizi, na aliyeibiwa hugundua miaka imepita, duka limefungwa na bosi amehamia Mbale.

Upande wa pili una hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Wanasema, "Mkitubana tutapunguza watu, au tutawafanya vibarua." Hili la vibarua linatokea hata sasa. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema mtu asifanywe kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Matokeo yake, mwezi wa nne ukikaribia anaambiwa apumzike, kisha anaitwa tena kama mgeni. Mei 2023 Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ya 2006, ukiwagusa vibarua na wafanyakazi wa nyumbani, lakini Rais hakuusaini, akaurudisha. Mshahara wa chini nao ni wa kusikitisha: kiwango kilichotangazwa 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ili uwekwe utaratibu mpya nao haukupata saini. Ndiyo maana naing'ang'ania NSSF. Mfanyakazi wa duka hana kinga nyingine ya maana ya kesho yake. Tukimwondolea hii, tumwachie nini?

Hoja ya kama mfuko wenyewe unaaminika ni nzito zaidi. Mwaka 2023 Bunge liliunda kamati kuchunguza uendeshaji wa mfuko huo, na waliobaki na mashaka wana haki yao. Hata hivyo, riba waliyopewa wanachama ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka wa fedha 2022/23 na 11.5 kwa 2023/24. Pesa uliyomwachia bosi "akutunzie" haizai hata senti.

Kuhusu vijana wanaouliza kwa nini wasubiri hadi miaka 55 ndipo wapewe akiba yao: marekebisho yaleyale ya 2022 yanamruhusu aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 achukue asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye ulemavu huruhusiwa akiwa na miaka 40, naye anaweza kuchukua asilimia 50, akiwa amechangia miaka 10. Kwa kijana wa miaka 24 anayedaiwa kodi ya nyumba mwezi huu, najua jibu hili halitoshi.

Mahali ambapo ningelegeza ni mwanzoni. Aliyefungua biashara juzi angeruhusiwa kuchangia asilimia 5 kwa mwaka wa kwanza, kisha apande hadi 10. Mzigo ungekuwa mwepesi na kisingizio cha kujificha kingepungua. Lakini kumsamehe moja kwa moja kwa sababu ana mtu mmoja, hapana. Huyo mtu mmoja anazeeka kama wale mia wa kiwandani.

Karibuni. Wenye maduka mnaopinga, leteni hesabu zenu tuzione: asilimia 10 inawavunja kwenye mshahara wa kiasi gani? Na ninyi mnaokatwa kila mwezi, mmewahi kuangalia kama michango inaingia? Mlikuta nini?