Viti viwili Baraza la Usalama bila kura ya turufu: tuvichukue au tuvikatae?

Wakuu, Septemba 2024 Marekani ilitamka kwamba inaunga mkono Afrika ipewe viti viwili vya kudumu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ila bila kura ya turufu, yaani ile haki ya nchi moja kuzuia azimio peke yake. Tangu hapo kila nikigusa mada hii naambiwa tumetukanwa. Makubaliano ya Ezulwini ya 2005, ambao ndio msimamo wa Umoja wa Afrika, yanadai viti vya kudumu visivyopungua viwili, pamoja na haki zote walizonazo wale watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa), turufu ikiwemo. Pungufu ya hapo, wanasema, ni dharau.

Mimi nasema tuvichukue, na sababu yangu ni Libya.

Machi 10, 2011 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilikaa Addis Ababa, likapinga majeshi ya nje kuingilia kwa namna yoyote ile, likaunda kamati ya marais watano, Zuma wa Afrika Kusini na Museveni wa Uganda wakiwemo, ikasuluhishe kati ya Gaddafi na waasi. Siku saba baadaye, New York, azimio namba 1973, la kuruhusu nguvu za kijeshi zitumike Libya, likapigiwa kura. Azimio halipiti bila kura tisa kati ya 15. Hilo lilipata kumi. Urusi, China, India, Brazil na Ujerumani hawakuunga mkono wala kupinga. Sasa pigeni hesabu. Tatu kati ya hizo kumi zilikuwa za Afrika Kusini, Nigeria na Gabon. Wawili tu kati yao wangekaa kimya kama Mjerumani, zingebaki nane, azimio limekufa. Turufu ya nini hapo? Kamati ya marais ilipotaka kuruka kwenda Libya ikanyimwa kibali cha kuingia anga hiyo, na nchi ya Zuma mwenyewe ilikuwa imeinua mkono.

Bint Shangani: Kaka, hesabu yako nzuri, ila umeruka 1981. Dk. Salim Ahmed Salim, Mzanzibari, alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa alipata kura 11 raundi ya kwanza, akamzidi Waldheim aliyekuwa kwenye kiti. Marekani ikampiga turufu, ikampiga tena na tena. 1996 Boutros Boutros-Ghali alipata kura 14 kati ya 15 na bado akang'oka, kwa sababu ile moja ilikuwa ya Marekani. Halafu unatuambia turufu ya nini!

Na kuna kifungu cha 108 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kuubadilisha kunataka theluthi mbili ya nchi 193, kisha ziridhie, na wale watano wote wawemo. Mara ya mwisho baraza kupanuliwa, kutoka wajumbe 11 hadi 15, ilikuwa 1965. Ukikubali leo kuingia bila turufu, nani atakufungulia mlango wa pili? Wajukuu zako?

Jaduong wa Kisumu: Mimi nauliza kitu kimoja tu: nani atakalia? 2020 Umoja wa Afrika uliidhinisha Kenya igombee kiti cha baraza hilo, Djibouti ikakataa kujitoa, tukaburuzana hadi raundi ya pili ndipo tukashinda 129 kwa 62. Hicho kilikuwa kiti cha miaka miwili! Cha maisha, Nigeria, Misri, Afrika Kusini na Ethiopia watauana.

Mtu wa Kivu: Ndugu zangu, azimio 2773 la Februari 21, 2025 lilipata kura zote 15. Liliwataka waasi wa M23 watoke Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, na jeshi la Rwanda lirudi kwao. Turufu haikupigwa, mjumbe wa Afrika hakunyimwa nafasi ya kusema. M23 hawakutoka. Miezi ikapita uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, benki zimefungwa, mtu ana pesa zake kwenye akaunti na hawezi kununua unga. Endeleeni na viti vyenu.

Mleta mada: Mtu wa Kivu, sina la kukubishia.

Dada Bint Shangani, hiyo 1981 imalizie. China nayo ilimpiga Waldheim turufu raundi 16 ikimtetea Salim. Salim alipita? Akachukua Pérez de Cuéllar wa Peru. Turufu huzuia, haipitishi. Hoja ya kifungu cha 108 ni nzito, nakiri, lakini ubaya wake unakata kuwili: kifungu hichohicho ndicho kitakachowapa wale watano nafasi ya kuikataa Ezulwini nzima, na hapo tutabaki na viti vyetu vitatu vya miaka miwiliwili.

Jaduong, ndiyo maana nataka atakayekaa asaini kwanza kwamba anapiga kura kama Addis, yaani Umoja wa Afrika, ilivyoamua. Akikiuka, arudishwe nyumbani.

Bint Shangani: Addis ipi, kaka? Umoja wa Afrika huamua kwa maafikiano, yakishindikana theluthi mbili. Mzozo wa bwawa la Ethiopia kwenye Nile ulipofika Baraza la Usalama 2021, Misri na Sudan ndizo zilizoupeleka huko, na Ethiopia ikashikilia kwamba mahali pake ni Umoja wa Afrika. Tuseme mmoja wao ndiye amekalia kiti chako. Atapiga kura kama Addis ilivyoamua, au kama maji yanavyomuuma? Na huyo wa kumrudisha nyumbani ni nani?