Mjadala: Kombora la tani 8 linailinda Korea Kusini au linaiponza?

Mleta mada:
Wakuu, tarehe 1 Oktoba 2024, Siku ya Majeshi, Korea Kusini ilipitisha hadharani kombora lake la Hyunmoo-5 juu ya lori refu kama treni. Linatajwa kubeba kichwa (sehemu ya mbele yenye baruti) cha tani 8. Si cha nyuklia. Ni uzito wa kutoboa ardhi na kuwafuata viongozi wa Kaskazini mahandakini.

Nasema hapa wamepitiliza, na nisieleweke vibaya: siwapingi kuwa na makombora. Mwaka 1971 Marekani iliondoa askari wake wapatao 20,000, na Rais Park Chung-hee akaona mlinzi anafungasha virago. Akaamuru wataalamu wake watengeneze kombora. Septemba 1978 kombora hilo, Baekgom, likaruka, likiwa limeigwa kwa sehemu kubwa kutoka kombora la Wamarekani la Nike Hercules. Wamarekani hawakufurahi. Mwaka 1979 Seoul ikakubali kutozidisha masafa ya km 180. Ukirusha kutoka karibu na mpaka, hayo yanafika Pyongyang, ila nusu ya juu ya Kaskazini hugusi. Kamba ikalegezwa kidogo kidogo: km 300 mwaka 2001, km 800 mwaka 2012, ukomo wa uzito wa kichwa ukafutwa 2017, na Mei 2021 kamba yenyewe ikakatwa. Sawa. Nchi huru haipimiwi masafa na mtu mwingine.

Kinachonitisha ni matumizi. Seoul inasema wazi kwamba ikiona dalili za kurushiwa nyuklia itawahi kupiga yenyewe, na ikipigwa itawamaliza viongozi. Septemba 2022 Kaskazini ikajibu kwa sheria: uongozi wao ukishambuliwa, nyuklia zirushwe papo hapo. Sasa kila upande unaamini salama yake ni kuwahi. Hapo muda wa kufikiri umebaki dakika ngapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada unaongea kama mtu anayelala mbali na mpaka. Seoul iko km 50 hivi kutoka huko, na mizinga ya kawaida tu inaifikia. Kaskazini imejaribu bomu la nyuklia mara sita kuanzia 2006. Kusini iliridhia mkataba wa kutotengeneza nyuklia mwaka 1975 na haijajitoa. Mtu aliyeahidi kutoshika bunduki, jirani yake anayo, unamnyang'anya na rungu? Hyunmoo ni rungu. Na Kim Jong Un haogopi majengo kuanguka, anaogopa kufa yeye. Mtishe kwa kile anachokiogopa.

Mchangiaji wa pili:
Mmeisahau Gangneung, ule mji wa pwani huko Kusini. Tarehe 4 Oktoba 2022 Kaskazini ilirusha kombora likapita juu ya Japani. Usiku huohuo Kusini ikataka kuonyesha nayo imo, ikafyatua Hyunmoo-2C, kombora jingine la ukoo wa Hyunmoo, kuelekea baharini. Likageuka, likaanguka ndani ya kambi ya jeshi la anga. Kichwa hakikulipuka, ila fueli iliwaka na moto ukaonekana mjini. Watu wakadhani vita vimeanza, na jeshi halikusema lolote hadi asubuhi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hitilafu moja haifuti mradi mzima. Kila nchi inayotengeneza makombora imewahi kuyaangusha.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi naona yanazuia balaa kubwa zaidi. Raia wengi kule wakiulizwa kwenye kura za maoni wanataka nchi yao iwe na nyuklia zake. Serikali isiyo na Hyunmoo ya kuwaonyesha ingewajibu nini? Hilo gwaride lilikuwa la kutuliza nyumbani kuliko kutisha Pyongyang. Septemba 2021 walirusha hata kutoka kwenye nyambizi, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la wenye nyuklia peke yao. Raia akiona hivyo anapumua.

Mleta mada:
Mkuu wa tatu, hoja yako nzito, na sikuwa nimeiwaza hivyo. Nakubali. Lakini raia anapumua wakati Kim anahesabu.

Ndugu wa kwanza, mfano wa rungu unanisumbua. Rungu humpiga aliyekwisha kuvuka uzio. Hili linatakiwa limpige akiwa bado chumbani kwake, kwa kuhisi tu kwamba anaamka. Ukikosea hisia hiyo mara moja, sheria yake ya 2022 inafanya kazi.

Na hiyo Gangneung usiipitie juu juu. Kombora lile lilikosea njia likaanguka nyumbani. Lingekosea kuelekea kaskazini usiku ule, mtu angelazimika kuwapigia simu haraka kuwaambia ni hitilafu. Aprili 2023 Kaskazini iliacha kupokea simu hizo.