Akiba ya petroli kwa safari ya Ziwa Turkana: tangi kubwa, tangi la kuchomelea au jerikeni?

Msafiri wa Tudor

Assalamu alaykum ndugu zangu. Pikipiki yangu ni Honda CRF250L, ambayo tangi lake huchukua lita 7.8 tu. Kwa mizunguko ya hapa pwani, hata ya kwenda Malindi na kurudi jioni, tangi hilo halijanipa taabu, na kwenye barabara ya Nairobi vituo vya mafuta havikosekani, kuanzia Mariakani hadi Voi na Mtito Andei. Sasa nakusudia kwenda Loiyangalani kwa njia ya Maralal, Baragoi na South Horr. Kipande hicho, kutoka Maralal hadi ziwani, ni kilomita zipatazo 230, nyingi zikiwa za changarawe, mawe na mchanga. Kwenye lami lita moja hunipeleka kama kilomita 30 nikienda kwa mwendo wa wastani, kwa hiyo hata hesabu ikinyooka ningefika tangi likiwa kavu. Nimeshauriwa ninunue tangi kubwa la plastiki kutoka ng'ambo, nikashauriwa pia nimpe fundi anichomelee tangi la ziada la bati nyuma ya kiti, na wengine wanasema jerikeni yatosha. Nisingependa kutumia fedha nyingi kwa jambo nitakalolihitaji kwa nadra, lakini kusukuma pikipiki juani pia sitaki. Mwaonaje?

Fundi wa Changamwe

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza tuweke sawa hesabu, kwa sababu hiyo kilomita 30 kwa lita ni ya lami. Ukiwa na mizigo, ukapita mchangani kwa gia ya pili na ya tatu huku tairi la nyuma likiteleza, injini itakula zaidi, na mimi ningepanga safari kwa kilomita 22 kwa lita. Kilomita 230 zitataka lita 10 na nusu; ukiongeza robo kwa ajili ya kupotea njia na kurudi nyuma, unafika lita 13. Kwa hiyo upungufu wako ni lita 5 na kidogo, wala si 20. Nasema hivi kwa sababu watu huiona BMW R1250GS Adventure yenye tangi la lita 30 wakadhani safari ya mbali haiendeki bila tangi kama hilo, ilhali ile ni pikipiki nzito yenye injini kubwa na yako ni nyepesi isiyokula sana.

Kuhusu tangi la kuchomelea, nakusihi uliache, ingawa kazi hiyo mimi mwenyewe ningeiweza na fedha zako ningezipokea. Katika pikipiki ya kabureta, mafuta hushuka yenyewe kwa uzito wake, na tangi la pili lililo juu kidogo huweza kuunganishwa kwa mpira na kiungo cha njia tatu. Yako ni ya injekta, yaani petroli husukumwa kwa pampu na kunyunyiziwa injini, na pampu hiyo imo ndani ya tangi kuu, kwa hiyo mafuta ya ziada lazima yaingizwe kwanza humo, ama kwa pampu nyingine ama kwa kuvutwa kupitia tundu la kupumulia la tangi hilo, jambo linalohitaji mfuniko uliozibwa sawasawa bila kuvujisha hewa hata chembe. Juu ya hayo, mshono wa bati hupasuka kwa mtetemo wa barabara za mawe, na tangi lenyewe linakaa jirani na bomba la moshi. Wapo pia wanaompelekea fundi tangi kuukuu lililokwisha kubeba petroli ili aliongeze bati: mvuke uliobaki ndani hulipuka moto ukikaribia, hata kama tangi lilimwagwa zamani.

Mwanabara Likoni

Namuunga mkono fundi kwa hesabu yake, ila nalitetea tangi la plastiki, maana ninalo kwenye pikipiki kama yako. Acerbis ya Italia na IMS ya Marekani zote mbili zimetengeneza matangi ya modeli hii, na langu huchukua kiasi cha lita 11. Uzuri wake ni kwamba mafuta yanakaa katikati ya pikipiki, baina ya magoti, kwa hiyo usukani haubadiliki tabia. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo. Kilo 4 zilizoning'inia nyuma ya ekseli hulifanya tairi la mbele kuwa jepesi, na mchangani tairi la mbele jepesi linakuangusha.

Bei yenyewe si ndogo. Tangi ni kubwa na ndani ni hewa tupu, na wasafirishaji wa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi, bado hujalipa ushuru. Kulifunga pia kunataka utulivu: pampu hutolewa kwenye tangi la zamani na kuhamishiwa jipya, na ringi yake ya mpira lazima iwe safi. Punje moja ya mchanga chini ya ringi hiyo hutosha kufanya petroli itokee ukingoni, na utaijua kwa kuona alama ya unyevu inayokusanya vumbi. Stika usihangaike kubandika, kwani mvuke hupenya plastiki polepole na kuzivimbisha.

Mzee wa Kisauni

Kwa mtu atakayekwenda huko kwa nadra, jerikeni ya chuma ya lita 5 iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli inatosha. Usichukue mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia. Mfuniko wake hauzibi sawasawa na plastiki yake haikukusudiwa petroli. Unapoijaza, iteremshe chini sakafuni na nozeli iguse mdomo wake, kwa sababu jerikeni ikiwa juu ya mizigo huweza kukusanya umeme tuli, na cheche moja haina msamaha. Usiijaze hadi mdomoni, kwani petroli huvimba kwa joto: lita 10 zilizopata nyuzi 20 zaidi huongezeka kiasi cha robo lita kasoro kidogo. Ifunge mbele ya keria, karibu na mgongo wako, na kila unaposimama tazama kama mkanda unasugua chuma.

Msafiri wa Tudor

Shukrani nyingi, wazee wangu. Nimeelemea upande wa jerikeni, ila hoja ya tairi la mbele imenitia wasiwasi. Je, petroli ya Baragoi yafaa kutegemewa?

Fundi wa Changamwe

Baragoi huuzwa ya mapipa na chupa, na bei yake hailingani na ya kwetu hapa Mombasa ambapo shehena hushushwa bandarini Kipevu. Ichukulie kuwa akiba, usiihesabu kwenye mpango wako. Ukilazimika kuinunua, mimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani uiache itulie, maana maji hushuka chini na utayaona. Kisha jipake kidoleni: petroli hukauka upesi, na ikiacha utelezi ujue imetiwa mafuta ya taa. Wizi huo ulipungua tangu mwaka 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, lakini pampu ya injekta haipendi majaribio, kwa hiyo ichuje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Kuhusu tairi la mbele, Maralal hadi Baragoi ni kama kilomita 100, na ukifika hapo tangi litakuwa limepungua lita 4 na nusu. Zima injini, ngoja ipoe, kisha mimina jerikeni tangini hadi lijae. Kwa njia hiyo utaingia kipande kigumu cha South Horr na kuendelea ukiwa na tangi lililojaa na jerikeni karibu tupu, na uzito wote ukiwa mahali pake.