Naombeni ushauri, vijana wanaoandika na kupiga picha nawapaje maoni bila kuwavunja moyo?

Habari zenu wakuu, kuna vijana wa miaka 13 mpaka 16 hivi wananiletea hadithi zao na picha walizopiga kwa simu, wanataka niwaambie ukweli, sasa huo ukweli ndo kazi. Nikisema "nzuri sana, hongera" wanaondoka hawajajua kipi kilikuwa kizuri, nikianza na makosa ya tahajia naona sura inabadilika hapo hapo na hadithi nyingine haiji tena. Kuna ule utafiti wa wanasaikolojia Mueller na Dweck wa 1998, watoto waliosifiwa akili walikuja kukwepa kazi ngumu kuliko waliosifiwa juhudi, kwa hiyo "una kipaji" nimeipunguza. Siku hizi nataja kitu kimoja kabisa, mfano yale majibizano ya bibi na mjukuu yalivyonichekesha, alafu nauliza swali, "huyu alijisikiaje mlango ulipofungwa?" Kwenye hadithi inasaidia.

Picha ndo zinanishinda jamani, mtu kapiga jua likiwa nyuma ya rafiki yake, uso umekuwa mweusi tii, je alitaka kivuli au mwanga umemzidi? Niulize kwanza au nimwonyeshe tu agonge usoni kwenye skrini mwanga ujirekebishe? Na yule anayeandika mambo mazito ya nyumbani kwao (yupo mmoja, na anaandika vizuri kweli), unamjibu kama mwandishi au kama mtoto? Walimu na wapiga picha, nyie huwa mnaanzaje?