Siku ine na batoto batatu: Lusaka, Ndola, ao tubakie tu hapa Lubumbashi?

Mama wa Batatu, Ruashi

Jambo yenu bote. Niko na swali, na ningependa zaidi benye bako na batoto badogo njo banijibu. Mweye benye batoto benu bako iniversite munisamehe, mulisha sahau.

Bwana yangu amepata konje ya siku ine mwezi wa saba, batoto nabo bako mu vakanse. Tangu tulioana hatuyatoka fasi ata moya ya kupumzika tu, safari yetu sherti ikuwe matanga ya Likasi ao ndoa ya Kipushi. Sasa baba anasema twende Lusaka na motoka yetu, tutoke siku ya tano asubuhi turudie siku ya kwanza mangaribi, na asha anza kuambia barafiki yake ku kazi kama anaenda Lusaka, basi munajua, kumurudisha nyuma itakuwa nguvu.

Mukubwa ana miaka 6, wa kati 4, mudogo miezi 14 na angali ananyonya. Ule wa kati njo ananitiaka woga. Kutoka hapa Ruashi mpaka mu muji tu asha tapika mara mbili, mi natembeaka na basashe mu sakoshi kama mama wa soko. Mi naona Lusaka mbali. Lakini nikisema Ndola baba anacheka, anasema Ndola ni sawa na kuenda Kasumbalesa kununua unga, ile haiko vakanse.

Mweye mungefanya nini? Na makaratasi ya batoto inaombwa gani?

Shofa wa Kasumba

Mama, hii njia naijua kama kiganja yangu, nilianza na makamio sasa niko na bisi ndogo. Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90, hiyo haiko kitu. Kasumbalesa yenyewe njo safari. Makamio ya shaba inapanga mustari mpaka unashindwa kuona mwisho, mutu mugeni anasimamaka nyuma yabo anazani njo zamu yake, anakala pale saa mbili na batoto banalia. Motoka ndogo hazifate ule mustari, zinapita pembeni, uliza polisi ao ata bale batoto banauzisha maji, batakuonyesha.

Kisha pale unapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, unafika Ndola, mpaka hapo njia iko muzuri. Toka Ndola kufika Lusaka hesabu kilomita kama 320 ingine, na mara ya mwisho nilipita kulikuwa shantiye ya kupanua barabara, vumbi, kusimama, kuenda, kusimama. Mi peke yangu nafika Lusaka siku moya. Na mutoto wa kutapika mu kiti ya nyuma? Siwezi, ata unilipe.

Makaratasi: pasporo ya kila mutoto, ata ule wa kunyonya. Mambo ya viza muulize konsula ya Zambia iko hapa hapa Lubumbashi mbele ya kulipa otel, musisikilize bantu wa ku mupaka. Kama baba anabakia nyuma weye unaenda peke na batoto, utembee na barua yake yenye muhuri. Kisha karte mbili za manjano, na hapa njo bantu banachanganya kila siku: moya ni asirans ya motoka, ile ya COMESA (umoja wa biashara wa inchi zetu), ingine ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nilisha beba baba mumoja alionyesha ya motoka wakati banamuomba ya chanjo, akakasirika kabisa, "si iko manjano?"

Na mwambie baba kule banaendesha kushoto. Ukipita ile barieri tu unabadilisha upande. Bakubwa banasahauka wakati mutoto analia nyuma na mama anageuka kutafuta bibero.

Nkambo wa Katuba

Mwanangu, usiende Lusaka. Nakuambia juu nilienda.

Tulienda na binti yangu, bwana yake na bajukuu babili, mumoja miaka 5 mumoja miaka 2. Siku tatu. Siku ya kwanza njia, tulifika usiku saa tatu batoto balisha lala na viatu. Otel, sitaitaya jina, bilituma mapicha ya pisini na fasi ya batoto ya kucheza, tulifika pisini haina maji, kuna mutu ndani anasugua na brosi, na ile fasi ya batoto ni balansware moya imekatika kamba. Chumba ku etaje ya tatu. Kitanda ya mutoto bilisema bataleta, bilileta kesho yake tukiwa tunatoka.

Sasa sikiliza. Siku ya pili tulienda kuona batembo badogo, bale balipoteza mama zao, banabanyonyesha maziwa na bibero kubwa kama chupa ya Simba, ni mu ile parki ya Lusaka yenyewe, si mbali na muji. Muzuri kabisa, ata mi nilipenda. Ule wa miaka 5 aliangalia dakika kumi labda, kisha akauliza tunarudi saa ngapi ku asansere. Asansere ya otel! Alikuwa hayaona asansere mu maisha yake. Mangaribi yote nilipanda na kushuka naye, anafinya namba, mulango inafunguka, anacheka, tunashuka, tena. Ule wa miaka 2 alilala wakati batembo banakunywa akalamuka mu motoka.

Siku ya tatu njia tena.

Kwa hiyo makuta yote ile, mafuta, peaji ku yetu peaji ku yabo, otel, ilitupatia siku moya na asansere. Mi sisemi usitembee, tembea mwanangu, mweye mungali vijana. Lakini hesabu masaa batoto batakala mu motoka na masaa batakala bamesimama inje, kama ya motoka inapita, lala kwako.

Musa, niko Ndola

Habari zenu ndugu. Mimi ni mtoto wa Kalemie, nilikaa Lubumbashi, sasa niko Ndola mwaka wa sita kwa ajili ya kazi, Kiswahili changu mtaniwia radhi kimechanganyika.

Mama wa Batatu, mwambie mzee aache kuicheka Ndola. Sawa, siyo mji wa kupiga picha nyingi, hilo nakubali kabisa, na akitaka kuwaringia rafiki zake kazini Ndola haitamsaidia. Lakini kwa watoto wa umri huo ina kitu kimoja ambacho Lusaka haina, kila kitu ni dakika kumi na tano. Mdogo akichoka unarudi naye kulala, saa kumi mnatoka tena. Lusaka ukishaingia foleni ya jioni umekwisha.

Chakula usiogope. Nshima ya huku ni bukari ileile, yaani ugali, dagaa za kapenta ni zilezile, kinywaji cha munkoyo kipo. Mtoto anayekataa chakula kigeni hatajua kama amevuka mpaka. Na kama kwenu kuna bibi anayeongea Kibemba mfundisheni mkubwa maneno mawili matatu, mama zetu wa sokoni huku watamharibu kwa ndizi za bure, nimeona kwa macho yangu.

Vya kuona: kuna makumbusho ya Copperbelt katikati ya mji, madogo, nusu saa mmemaliza, ndiyo saizi ya mtoto wa miaka sita. Kuna ule mti wa mupapa ambao chini yake walikuwa wanauza watumwa zamani, uko barabarani tu, mnasimama, mnaeleza kidogo, mnaendelea. Halafu nje ya mji kuna mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 septemba 1961, alikuwa anakuja kuongea na Tshombe, kiongozi wa Katanga, juu ya vita vya Katanga. Hiyo ni kwa ajili ya mzee zaidi, maana ni historia ya kwenu ninyi, lakini kuna majani mazuri na miti na nafasi ya kukimbia, na watoto wangu hiyo ndiyo wanayoikumbuka. Wao wanapaita "kule kwenye majani". Hawajui habari ya ndege yoyote.

Chimfunshi, kule kwa sokwe, iko upande wa Chingola, watu wengi watakutajia. Ni mahali pa maana, wanatunza sokwe tangu 1983. Ila ni mbali na barabara kuu na mtoto wa kutapika hiyo njia ya ndani haitamfaa. Acha mpaka akue.

Mwezi wa saba ni baridi, asubuhi hasa. Usidanganywe na jua la saa sita. Sweta, soksi, na kofia ya yule mdogo.

Kunguru Damu

Mi niko tofauti na bote. Mubakie Lushi.

Mama, niulize swali: batoto bako balisha ingia mu Mize, ile nyumba ya makumbusho? Mu Zoo? Najua jibu, ni hapana, juu ata bangu walikuwa bado mpaka mwaka jana, na tunaishi kilomita tano. Tunapitaka pale mbele kila siku tukienda kazi.

Twee tulifanya hivi. Tulilipa otel moya mu muji usiku mbili, kidogo tu lakini na pisini yenye maji (nkambo pole sana hahaha). Simu ya kazi nikafunga. Asubuhi Zoo, mbele ya jua, nyama bado zinatembea, saa sita tunarudi kulala. Mangaribi Mize. Pale kuna ile misalaba ya shaba ya zamani, yenye bankambo balikuwa banatumia kama makuta kule ku Lualaba, imechimbuliwa mu makaburi ya Sanga. Kijana yangu wa miaka 5 akaniuliza, papa, basi ukinunua mukate banakurudishia vipande gani? Nikakosa jibu. Mulinzi wa pale akacheka mpaka akakaa. Kutoka hiyo siku kila tukiona ile cheminé ya Gécamines, kampuni ya shaba, anasema pale njo banatengenezaka makuta, na mi sikatai sana.

Mu mwezi wa saba mupira inakuwaka imefungwa, ndiyo, hamutaona Mazembe inacheza, lakini pitisha ule wa miaka 6 mbele ya stade ku Kamalondo, ata kuona kuta tu nyeupe na nyeusi inatosha kama amelelewa muzuri.

Hakuna pasporo, hakuna barieri, mutoto akipata homa docteur wenu iko pale. Shida moya tu: ndugu bakijua muko otel ya mu muji batakuya kusalimia. Musiseme kitu.

Shofa wa Kasumba

Kunguru, ya ndugu ni kweli kabisa. Bibi yangu tulijificha hivyo mara moya, siku ya pili mama mukwe yuko reception na bitumbua.

Mama wa Batatu, Ruashi

Aksanti sana, nimesoma yote na nimesomea baba kwa sauti akiwa anakula, juu hapo njo anasikilizaka.

Ya asansere imemumaliza. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema "na kama pisini haina maji?" Nikajua imeingia. Kunguru wazo yako mi nilipenda sana lakini baba amekataa, anasema batamucheka ku kazi, mutu wa konje ya siku ine analala kilomita saba ya nyumba yake. Sawa. Hiyo tutafanya noeli, na sitaambia mutu. Nkambo, Mungu akubariki, ni kweli mi nilikuwa nahesabu kilomita, sikuhesabu masaa.

Basi tumekata hivi: Ndola, usiku tatu, otel ya chini bila etaje. Tutatoka siku ya tano alfajiri batoto bangali na usingizi, ule wa kati tusimupatie maziwa, mukate mukavu tu na maji kidogo, na tutamukalisha fasi anaona njia mbele. Baba ataangalia fasi ya Hammarskjöld, batoto batakimbia ku majani, mi nitakala chini nisifanye kitu. Siku ya posho mangaribi sina programu yoyote na nimekataa batu banipangie.

Musa, swali moya: kushi (nepi) za mutoto na maziwa ya kopo kule bei iko sawa na huku, ao nijaze motoka kutoka hapa? Na Shofa, ile chanjo ya mudogo, alichomwa ya homa ya manjano pamoya na ya rujeole (surua) akiwa na miezi 9, imeandikwa mu karnee ya kipimo tu. Itakubaliwa?

Musa, niko Ndola

Za siku mbili njoo nazo, nyingine nunua hapa, maduka makubwa yanazo. Lakini kama mdogo amezoea maziwa ya aina moja yabebe yote, siyo wakati wa kujaribu.

Shofa wa Kasumba

Karnee ya kipimo hapana mama, bataikataa. Banaomba karte ya chanjo ku kila mutu mwenye miaka moya na zaidi, na mudogo wako amesha pita. Chukua ile karnee uende nayo fasi banatoaka karte za kimataifa, baone tarehe, bamuandikie yake. Usingoje juma ya safari, juu bakisema achomwe upya, karte inaanza kutumika kisha siku 10. Enda kesho. Na ukifika pale uangalie bameandika jina sawa na ya pasporo, ata herufi moya, mi nilisha rudisha famiye nzima Lushi juu ya "Y" na "I".

Mama wa Batatu, Ruashi

Ngoja niangalie.

Weee. Ku pasporo bameandika na Y, ku karnee na I. Kesho asubuhi niko pale.