Nyumba ya Kibokoni 🏠

*Jumapili*

[20:14] Mwanaisha: Assalaam alaykum nyote. Nimerusha picha tano za kutupa fikra ya kutengeneza ukumbi wetu kabla ya harusi ya Mfungo Mosi, zitizameni kwanza kabla ya maneno.

[20:16] Mwanaisha: Tatu za mwanzo ni nyumbani kwa Geoffrey Bawa, msanifu majengo wa Sri Lanka, huko Colombo. Alinunua vijumba vinne vilivyopangana, kimoja kimoja, akaviunga vikawa nyumba moja. Mwaona mwangaza unavyoshuka kwa vile viua vya ndani? Na joto la kwao ni hili hili letu. Kuta nyeupe, nguzo za kale, basi. Hakuna makorokoro.

[20:17] Mwanaisha: Mbili za mwisho ni za Luis Barragán, msanifu majengo wa Meksiko, nyumba aliyojijengea 1948. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2004. Ukuta mmoja tu wa waridi na nyumba nzima yachangamka.

[20:31] Salim: Hiyo ngazi ya mbao mbona haina pa kushika? Ami Athmani na goti lake atapandaje 😂

[20:32] Rashidi: Atapanda, kushuka ndiyo kazi 😂😂

[20:33] Salim: Harusi igeuke matanga

[20:35] Mwanaisha: Hatujengi ngazi! Twazungumza ukumbi. Mfungo Mosi hauko mbali na fundi yuwaja Jumamosi.

[20:40] Rashidi: Mie ningependa kama zile apatimenti za Nyali. Ukuta wa tivi, dari ya jipsamu, taa za rangi.

[20:44] Mwanaisha: Rashidi, jipsamu ndiyo iliyoficha boriti zetu. Ile rangi inayobambuka kila masika waijua sababu? Kuta ni za matumbawe, zataka chokaa zipumue. Zikipigwa simiti unyevu hukwama ndani, kisha rangi yavimba na kutoka. Leo nimekwangua kwa kisu pale chini ya saa. Ndani ya simiti kuna ua la chokaa limechongwa, halijavunjika hata jani. Hao kina Bawa twawasifu, na sisi tumeziba letu.

[20:45] Mwanaisha: Nje hatugusi kitu, Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi. Ni ndani tu. Tufungue zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyozibwa.

[21:20] Shangazi Zena: Na aliyeziziba yumo humu, asome.

[21:22] Ami Athmani: Nilitumia pesa zangu. Nyote mlikuwa wapi?

[21:23] Shangazi Zena: Sahani za zidakani nazo zilikuwa pesa zako?

[21:24] Salim: Jamani kuna mtu ana picha za harusi ya mwaka ule, tuone ukumbi ulivyokuwa?

[21:25] Mwanaisha: Salim, nyamaza kidogo.

*Jumatatu*

[06:50] Mama Nuru: Bibi amesomewa yote baada ya alfajiri. Asema nimwandikie hivi: "Zidaka zifunguliwe, nizione nikiwa hai. Habari ya sahani nilimwachia Mungu, na nyinyi iacheni. Mlango wangu usipakwe rangi."

[06:58] Shangazi Zena: Sawa mama.

[07:15] Rashidi: InshaAllah Bibi.

[09:02] Mwanaisha: Basi tumesikia. Elfu tano kila nyumba, mpaka Alhamisi jioni. Fundi ni yule wa chokaa kutoka Lamu, si wa jipsamu. Rashidi, tivi tutaitafutia chumba.

[13:40] Da Fatma: Mie nimeona sasa, sikuwa na bando. Hizo picha za waridi ni za kwetu?

[13:41] Salim: Za Meksiko, Da Fatma. Wapeleke maharusi huko 😂

[13:55] Mwanaisha: Waliotuma mpaka sasa ni Mama Nuru peke yake. Wengine mwasubiri nini?

[19:30] Ami Athmani: Mie nitatoa. Lakini Jumamosi niko Malindi. Msianze ule upande wa msikitini mpaka nirudi.

[19:31] Mwanaisha: Ami, upande wa msikitini ndio wenye zidaka.

[19:48] Mwanaisha: Ami?