Soko limefungwa, roboti yake inaingiza faida Jumapili mchana, halafu mshamba niwe mimi?

Mzee wa Mishumaa (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Nimetoka kwenye kikao cha harusi sasa hivi, pilau nimeliacha mezani na sijaaga mtu.

Yule jamaa mnamjua, sitaji jina. Yule wa suti ya bluu ya kubana, anayejiita kocha, anayepiga picha ameegemea magari ya watu kwenye maegesho ya hoteli. Mwenye roboti ya forex (kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni) "inayokutengenezea pesa ukiwa umelala". Ukifungua simu yupo, ukifungua redio yupo, siku hizi naogopa hata kufungua friji nisimkute kakaa kwenye maziwa ananiuliza kama niko tayari kubadilisha maisha yangu.

Leo nafika kikaoni kwa wakwe, kumbe naye ni mwanakamati! Ajenda ilikuwa ukumbi na MC. Hatujamaliza hata ukumbi, akatoa simu akaanza kuizungusha kwa wazee. Ilipofika kwangu nikasoma vizuri: EURUSD, yaani euro kwa dola, imenunuliwa saa nane na dakika kumi mchana, imefungwa saa nane na nusu, tarehe ya leo, faida ya kijani imekolea kama mchicha. Anasema, "Hii imeingia wakati tunakula."

Nikauliza kwa adabu zote: "Kaka, leo Jumapili. Soko limefungwa usiku wa Ijumaa kuamkia jana, linafunguliwa usiku wa manane kuamkia kesho. Hiyo euro roboti imeinunua kwa nani?"

Akaweka soda chini. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. Akasema, MBELE YA MAMA MKWE WANGU: "Dogo, ndiyo maana mpaka leo unapanda daladala."

Na mama mkwe akacheka. Mama mkwe, ambaye tangu nimuoe binti yake sijawahi kumwona meno! Alicheka mpaka miwani ikaanguka, akaiokota, akaivaa tena, akamwambia, "Baba, nitumie namba yako."

Nauliza swali la soko, najibiwa daladala. Mbele ya mama mkwe!

---

Binti Kigogo

Kwani uongo? Hupandi daladala?

---

Kapuku Mstaafu

Nimesoma mpaka mwisho kutafuta jibu la muhimu: pilau uliloacha nani kalila?

---

Mzee wa Mishumaa

@Binti Kigogo napanda, na nalipa nauli yangu kwa jasho langu! Yeye anapanda gari la kukodi kwa pesa za wajane! Hoja hapa ni Jumapili. JUMAPILI. Benki za dunia nzima zimelala, London imefunga, New York imefunga, Tokyo imefunga, roboti yake peke yake iko macho inauziana euro na mashetani. Halafu mtu mzima anakuangalia viatu.

---

Fundi Chati

Mkuu pole. Swali lako lilikuwa sahihi kabisa, labda kama ingekuwa bitcoin, hiyo haifungwi wikendi. Lakini EURUSD Jumapili mchana kwa saa zetu? Hiyo ni picha imechorwa, au ni jukwaa lao wenyewe wanaloandika bei wanayotaka.

Siku nyingine usibishane, muombe nywila ya mwekezaji tu. Akaunti ya MT4, ile programu ya kufanyia forex, ina nywila mbili: moja ya kufanyia biashara, nyingine ya kutazama tu. Ya kutazama haiwezi kufungua wala kufunga oda, haiwezi kugusa hata senti, kwa hiyo mtu mwenye roboti ya kweli hapotezi chochote akikupa. Unaingia unaona historia yote, unaona kama ni akaunti halisi au ya demo, ya pesa za kuigiza. Tapeli ukimuomba hiyo atakuambia ni siri ya kampuni, atakupa skrinshoti.

---

Mzee wa Mishumaa

@Fundi Chati nilikuwa nimeanza kumuomba hiyo! Nimefungua mdomo tu, "Kaka, basi nipe nywila ya...", kicheko cha mama mkwe kikanifunika. Kicheko kile kimesikika mpaka Chalinze, ng'ombe wa Wamasai wamegeuka.

---

Sista Du

Weka aya ndogo ndogo mkuu, na mkwe wako nipe namba yake, anaonekana mchangamfu.

---

Timu Uhuru wa Kifedha

Wivu mtupu. Mimi niko kwenye roboti hiyohiyo, nimeshatoa faida mara mbili, pesa imeingia kwenye simu. Maskini hampendi kuona mwenzenu anapanda.

---

Bwana Akiba

@Timu Uhuru wa Kifedha na DECI, ule upatu, walitoa. Mnaikumbuka au mlikuwa shule ya msingi? 2009 watu walipanda mbegu, wa mwanzo wakavuna, wakaenda kuwaita ndugu zao, serikali ilipofunga foleni ilikuwa inazunguka jengo. Wale wa mwanzo lazima walipwe, ndio matangazo yenyewe. Hiyo pesa iliyoingia kwenye simu yako ni ya mama mkwe wa mtu.

---

Mzee wa Mishumaa

NI YA MAMA MKWE WANGU! Ndicho ninachosema! Ameshaomba namba!

---

Loti Ndogo

Tuwe wakweli, roboti zenyewe zipo. Ni programu tu, unaipachika kwenye MT4 inafuata maagizo. Tatizo nyingi zinazouzwa zimewekewa mtindo wa kuongeza dau mara mbili kila zinapopoteza. Ikipoteza dola 10 inaweka 20, ikipoteza inaweka 40, 80, 160, 320. Soko likirudi kidogo inafuta hasara zote na kupata ile 10. Ndiyo maana mstari wa salio unapanda umenyooka miezi na miezi, mwenye roboti anakuonyesha huo. Siku soko likikataa kurudi, akaunti yote inaungua kabla chai haijapoa.

Mkionyeshwa, msiangalie salio, angalieni ekwiti. Salio halihesabu oda ambazo bado ziko wazi, ekwiti inazihesabu. Unaweza kukuta salio dola 5,000 na ekwiti dola 900, yaani hasara imefichwa kwenye oda ambazo hazijafungwa.

---

Kapuku Mstaafu

Nimeelewa chai tu.

---

Otieno wa Pwani

Poleni majirani. Huku Kenya tuna kanuni za forex ya mtandaoni tangu 2017, CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, huweka orodha ya wenye leseni kwa tovuti yao. Lakini kuna mmoja huku kwetu, nanyi mngemjua, anatembea na suti hiyohiyo ya bluu! Ukimuuliza leseni anakuonyesha cheti cha usajili wa kampuni. Hicho hata mwenye duka la chipsi anacho.

---

Mzee wa Mishumaa

@Otieno wa Pwani huyo ndiye! Amevuka mpaka! Muulize kuhusu Jumapili, uone kama hatakuangalia viatu.

---

Mwanasheria wa Mtaani

Afrika Kusini kulikuwa na Mirror Trading International ya Johann Steynberg. Watu walikuwa wanatuma bitcoin, wanaambiwa roboti inawafanyia forex. Mwisho wa 2020 ikaporomoka, bwana akakimbilia Brazil, akakamatwa huko 2021. CFTC, ndio wasimamizi wa masoko hayo Marekani, walidai mahakamani kwamba bitcoin zaidi ya 29,000 zilipita pale na roboti yenyewe haikuwepo. 2023 mahakama ya Texas ikamuamuru arudishe zaidi ya dola bilioni 1.7 na faini ya kiasi hichohicho juu. Mwaka uliofuata akafia hukohuko Brazil. Hao waliochangiwa na nusu ya dunia. Kocha wako anachangiwa na kamati ya harusi.

---

Mama Ntilie Digitali

Shangazi yangu aliuza kiwanja kwa hizo habari. Kwenye programu yao anaona ana milioni kumi na tisa. Akitaka kutoa, anaambiwa alipe kwanza kodi asilimia kumi. Akalipa. Wakasema akaunti imefungwa kwa usalama, lipia kuifungua. Akalipa. Sasa hivi kocha hapokei simu ila status anaweka kila asubuhi, Biblia na saa ya mkononi. Kama kuna kodi, si waikate humohumo kwenye hizo milioni? Nilimwambia shangazi hivyo, akaninunia mpaka leo.

---

Binti Kigogo

Pole jamani. Kiwanja kilikuwa wapi?

---

Mama Ntilie Digitali

Chanika.

---

Dalali wa Haki

Chanika aliuza shilingi ngapi? Maana mimi kuna kiwanja Chanika nimezungushwa na mwenyekiti wa mtaa mwaka mzima, anasema muhuri umeisha wino.

---

Mzee wa Mishumaa

Wakuu turudi kwenye mada. Mama mkwe amempigia mke wangu sasa hivi, anasema pesa za kikoba anataka azipeleke kwa "yule kijana mwenye heshima". MWENYE HESHIMA! Mimi niliyemwamkia na kumbebea kreti ya soda ni nani?

---

Fundi Chati

Mkuu, usimwambie mama habari za ekwiti. Mwambie amwombe kocha atoe kwenye akaunti ya roboti yake shilingi laki moja tu leo usiku huu, mbele yake, kabla hajaweka kitu.

---

Sista Du

Samahani, hiyo kamati mchango kwa kichwa ni shilingi ngapi?

---

Mzee wa Mishumaa

Laki na nusu. Sasa hiyo inahusiana nini?

---

Sista Du

Inahusiana! Huku kwetu wamenipangia laki mbili, kadi ya mtu mmoja, harusi ya mtu niliyesoma naye darasa la tatu! Sijalipa, wamenitaja kwenye grupu kwa jina langu la utotoni.

---

Kapuku Mstaafu

Afadhali wewe. Mimi nimelipa kadi ya watu wawili, tumefika na mke wangu, meza imejaa watoto wa MC.

---

Bwana Akiba

MC siku hizi ndio wanatakiwa kufunguliwa uzi wao. Saa tano za kucheza na keki, chakula kinakuja saa saba usiku.

---

Sista Du

Fungua huo uzi, nakuja na picha.